Polishi ya "vyuma vyote" inaharibu magari ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nyie mna ukurasa wa magari ambao naufuata sana na kwa kweli mnajitahidi, ila kila likija swali la msomaji kuhusu rimu zilizofifia au bampa la kromu lililoanza madoa, jibu linakuwa lile lile, nunua polishi nzuri ya chuma, paka, sugua, futa. Sasa polishi nzuri ndo ipi? Nzuri kwa chuma kipi? Hapo ndo watu wanapoharibikiwa, maana mtu anaingia dukani anakuta kopo limeandikwa linafaa kwa vyuma vyote, anabeba, akifika nyumbani anasugua kila kinachong'aa kwenye gari kuanzia grili mpaka bomba la ekzosi, halafu mambo yakienda vibaya anasema ameuziwa feki. Wala sio feki. Polishi imefanya kazi yake, na kazi yake ni kukwangua.

Hilo la kukwangua wengi hawalijui na nyie hamlisemi. Polishi ya chuma sio kama ile ya dashbodi unayopaka ikabaki juu iking'aa. Ndani yake mna unga mgumu uliosagwa laini mno, mara nyingi oksidi ya alumini au silika, umechanganywa na vitu vya kuyeyusha grisi, mara nyingine na amonia kabisa. Ule unga unaondoa tabaka la juu lililochakaa, chini yake kinatokea chuma kipya, basi hicho ndo unachokiona kinang'aa. Yaani kila ukipolishi kuna kitu unapunguza. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jiulize, hiki ninachokipunguza kipo kingi kiasi gani?

Chukua kromu. Bampa la kromu sio kromu tupu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, na juu kabisa ndo kuna kromu ambayo kwenye mapambo ya gari kwa kawaida haifiki hata mikroni 1. Unywele wa mtu una kama mikroni 70, piga hesabu mwenyewe. Kromu ni ngumu na yenyewe haipati kutu, ile kutu tunayoiona inatoka chini, maji hasa yenye chumvi yamepenya kwenye vitundu visivyoonekana au pale jiwe lilipopiga, yakafika kwenye chuma. Ndo maana inaanza kama vidoti vya kahawia, ukipitisha kidole unavisikia vinakwaruza kabla hata hujaviona vizuri. Zikiwa ndo dalili za mwanzo hivyo gari bado linaokoka. Osha bampa kwa sabuni likauke, chukua kipande cha karatasi ya alumini, kichovye maji, sugua taratibu pale penye vidoti bila kukandamiza, alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haiichori. Kutu ikishatoka unamalizia na polishi laini iliyoandikwa ya kromu, kidogo tu. Ukiona sehemu inaanza kuwa na umanjano fulani hivi acha hapo hapo, hiyo ni nikeli inachungulia, kromu umeshaimaliza. Na kama kromu imevimba au inabanduka magamba hamna polishi itakayoirudisha, hiyo ni ya kupelekwa kuchovywa upya na anayekuambia vingine anataka kukuuzia kopo.

Halafu kuna kromu ambayo chini yake hata chuma hamna. Grili na marembo mengi ya magari ya siku hizi ni plastiki iliyopakwa. Gonga na ukucha, mlio tu utakuambia. Hiyo ni sabuni, maji na waksi basi, polishi yenye unga iache kabisa. Na wale wanaofungua taa wakapolishi ile sahani inayong'aa ndani, jamani, pale kuna alumini nyembamba sana imepuliziwa juu, hata kitambaa kikavu kinaweza kuitoa, ukimaliza kusugua una taa safi isiyomulika.

Tuje kwenye rimu sasa, maana huku ndo kilio kikubwa. Rimu nyingi za alumini zinatoka kiwandani zimepigwa klia juu, ile rangi ya kinga inayoonyesha kama kioo, yaani ukizigusa unagusa klia, alumini yenyewe huigusi. Ukipaka polishi ya chuma hapo unachokwangua ni klia, inakuwa na ukungu, baadae inaachia vipande, maji yanaingia chini, vinaanza vijistari vyeupe vinavyotambaa chini ya klia kila siku vinaongezeka. Nshaletewa rimu za hivyo, mwenye gari anaomba polishi kali zaidi, wakati ile ya kwanza ndo iliyomfikisha pale!

Kujua kama rimu ina klia ni rahisi na sijui kwanini hamjawahi kuandika. Tafuta sehemu ya ndani isiyoonekana, isafishe vizuri, weka polishi kiasi cha punje kwenye kitambaa cheupe sugua kidogo halafu angalia kitambaa. Kikiwa cheusi tii unagusa alumini tupu, kikibaki na rangi ile ile ya polishi chini ya kitambaa kuna klia. Cha muhimu pasafishwe kwanza kweli kweli, vumbi la breki nalo ni jeusi litakudanganya. Ukikuta klia nzima, tumia polishi ya rangi ya gari, ile ya kuondoa mikwaruzo midogo, sio ya chuma. Ukikuta klia imeshakufa, hapo inabidi itolewe yote ndo uamue kama unapaka upya au unaiacha alumini wazi.

Ukiiacha wazi ujue umejiajiri. Alumini ikikaa wazi inajifunika oksidi yenyewe, ule utando unaoletwa na hewa, muda huo huo, inaanza kufifia, kwa hiyo ni kupolishi na kupaka kinga mara kwa mara. Ila inapendeza, siwezi kusema uongo. Hapa kuna jambo linawachanganya watu, ule weusi kwenye kitambaa hauishi. Mtu anasugua anabadilisha kitambaa anasugua tena akidhani uchafu bado upo, kumbe ule weusi ni alumini yenyewe inatoka pamoja na oksidi, ukisubiri kitambaa kitoke cheupe utasugua mpaka mwakani. Angalia rimu, ikishang'aa futa na kitambaa safi uache. Kama ina mikwaruzo mirefu polishi peke yake haitoshi, unaanza na msasa wa maji namba 400 au 600, unapanda 1000, 1500, 2000, na kila ukipanda hakikisha mistari ya msasa uliopita imeisha yote, maana polishi haitaificha, itaing'arisha tu ionekane vizuri zaidi. Wa drili na gurudumu la kitambaa muwe makini na glavu za kitambaa, zikinaswa zinavuta na mkono.

Kwenye milango kuna ile fremu ya madirisha, na hapa watu wanachanganya sana kwa sababu inafanana na stenlesi. Magari mengi ni alumini iliyotiwa oksidi ya makusudi kiwandani ili iwe ngumu. Sabuni kali zenye magadi zikiigusa inapata weupe kama maziwa, na ukiipolishi kwa nguvu unaitoa ile kinga yote. Jaribu kwanza sehemu ndogo na polishi laini kabisa, na kama weupe hautoki usishindane nao.

Stenlesi haina makuu. Tangu Mwingereza Harry Brearley alivyoitengeneza kule Sheffield mwaka 1913 siri ni ile ile, kromu imechanganywa ndani ya chuma chenyewe, angalau asilimia 10.5, kwa hiyo ukikwangua juu chini yake ni ile ile. Polishi karibu zote zinaikubali. Angalizo langu ni mawili tu, kama ina mistari ya kiwandani sugua kufuata mistari, na usitumie waya wa chuma wa kusugulia masufuria maana unaacha chembe za chuma ambazo zinakuja kupata kutu juu ya stenlesi, watu wanasema stenlesi imeoza.

Sasa kuchagua kopo lenyewe. Dawa ya meno, majivu na soda tuziache, zinafanya kazi kidogo lakini hujui ukali wake. Soma lebo imetaja chuma gani kwa jina, neno "vyuma vyote" lisikutoshe. Chukua polishi kidogo uisage kati ya vidole viwili, ukisikia mchanga mchanga hiyo ni ya alumini iliyochoka au stenlesi, usiipeleke kwenye kromu. Ikiwa laini kama losheni ndo ya kuanzia siku zote. Zile za shaba nyingi zina amonia, utajua kwa harufu inavyopanda puani, hizo zibaki kwenye shaba. Mi za tyubu kama Autosol napenda kwa sababu unatoa kidogo kidogo na hazichuruziki, ile ya pamba ndani ya kopo kama Nevr-Dull inasaidia kwenye kona ambazo kidole hakifiki, na sitangazi biashara ya mtu, kuna nyingine nyingi nzuri. Chuma kiwe cha baridi, usifanye juani. Ukimaliza osha mabaki yote, paka waksi au kinga nyingine, ila kwenye bomba la ekzosi waksi ya kawaida inayeyuka tu, tafuta inayohimili joto. Na polishi wala waksi isiguse diski za breki, hata tone.

La mwisho mhariri ni kuhusu zile dawa za kumwagia rimu zikawa nyeupe zenyewe bila kusugua. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki au kemikali zinazoitoa. Ile inapita kwenye ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa masaa kadhaa, na ikiingia mwilini inakamata kalisiamu, mtu anaweza kufa kwa sehemu ndogo tu iliyoungua. Vijana wanazitumia mikono mitupu na ndala miguuni. Ikimgusa mtu ni maji mengi hapo hapo na hospitali moja kwa moja akiwa na lile kopo ili daktari ajue ni nini, asisubiri paume. Kwenye ukurasa wenu mlishawahi kuzitaja kama njia rahisi ya kusafisha rimu bila neno hata moja la tahadhari, naomba toleo lijalo mlirekebishe hilo, na mliweke mahali panapoonekana.

Msomaji wenu,
fundi wa kung'arisha magari