Mawe Yale Usiyaondoe

Uthiru, Nairobi
Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi za hapa nyumbani. Sisi hatujambo. Magoti yangu hulalamika asubuhi, lakini jua likipanda nayo hutulia, nami huingia shambani kama kawaida.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu ungesema "Sawa, Mama," kisha Jumamosi lori lingefika na mawe yote yakaondoka. Barua utaisoma hadi mwisho, na mkeo atasoma pia.

Tulipokuja kuiona nyumba wiki iliyopita, nilifurahi hadi nikakosa maneno. Halafu ukanionyesha lile rundo la mawe nyuma ya jikoni, ukasema ni taka za ujenzi, umeshaelewana na mwenye lori azimwage mbali. Nililala na jambo hilo kifuani. Mawe yale hayakuletwa na mtu. Fundi wako alipochimba msingi alilazimika kuupita udongo mweusi wote ndipo apate mahali pagumu pa kusimamisha nyumba, na hayo ndiyo aliyoyakuta chini. Ni mawe ya ardhi yako mwenyewe. Naomba uyaache.

Nikueleze kwa nini, maana wewe umekulia kwenye udongo mwekundu wa Uthiru na huo mweusi wa huko Utawala ulikojenga bado hujauzoea. Huu wetu hupitisha maji. Huo wako huyashika. Mvua ikinyesha huvimba na kunata kwenye viatu kama ugali ambao haujaiva, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi midogo huteseka mara mbili: Aprili inaoza, Februari inakatwa na nyufa. Ukipanda maua mafupi yanayotambaa moja kwa moja kwenye huo udongo, utanunua miche kila mwaka na kila mwaka utaizika. Mawe ndiyo yatakayokuinulia udongo mwingine juu ya huo, ili maji ya ziada yapate njia ya kushuka. Tena chini ya jiwe hubaki ubaridi na unyevu hata wiki tatu bila mvua. Ukitaka kujua, inua jiwe lolote leo mchana uguse chini yake. Kwa mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa mgao, hilo si jambo dogo.

Basi fanya hivi, na usikimbilie kupanda. Anza na ndago. Nimeiona imejaa upande ule wa ua. Usiikate kwa panga, chimba ufuate vile viazi vyake vidogo vyeusi kimoja kimoja, kwa sababu ukishaweka jiwe juu yake hutaifikia tena, nayo itapenya kila ufa. Nyasi ya Kikuyu ni hivyohivyo. Ni nyasi ya nyanda zetu hizi za juu, haina adabu, hupita chini ya jiwe na kutokea upande wa pili. Toa kila kipande cha shina, hata kile cha urefu wa kidole. Kazi hii itakuchukua Jumamosi mbili au tatu, na ukiiruka utaijutia miaka kumi. Mimi niliiruka, ndiyo maana unaniona kila Desemba nimeinama pale kwenye mawe yangu na kisu cha jikoni.

Ukimaliza, anza kupanga mawe kutoka chini kwenda juu. Jiwe kubwa zaidi liwe chini. Kila jiwe lizamishe ardhini kama theluthi yake, lisikae juu juu kama chungu kwenye mafiga. Halafu liinamishe kidogo kwa nyuma, uso wake utazame mbele, ili tone la mvua likilipiga liteleze kurudi kwenye udongo nyuma yake, kwenye mizizi. Watu wengi huyainamisha mbele kwa sababu yanapendeza hivyo siku ya kwanza, kisha mvua inabeba udongo wote hadi njiani. Ukiliweka jiwe, panda juu yake usimame. Likitikisika, litoe uanze tena. Tumia mtaimbo, na usiwe peke yako. Ita kijana mmoja wa mtaani umlipe vizuri. Mgongo wako ni mmoja.

Katikati ya mawe jaza mchanganyiko huu: karai moja ya udongo mwekundu, karai moja ya mchanga wa mtoni ule mkavu wa chembe kubwa, na nusu karai ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na harufu. Udongo mwekundu njoo uchukue hapa, baba yako atakujazia magunia. Najua mkono wako ni mkarimu, lakini samadi usiizidishe. Maua haya ya mawe ukiyashibisha huota majani tu. Shindilia kwa mti kila tabaka, kisha acha mvua moja kubwa inyeshe. Udongo utashuka, mashimo yatajitokeza, utayajaza. Baada ya hapo ndipo upande. Tukiwahi, tutapanda katikati ya Aprili. Tukichelewa, tusilazimishe, tusubiri mvua za Oktoba.

Sasa maua yenyewe. Mkeo alinionyesha kwenye simu picha ya mlima uliofunikwa na zulia la rangi ya waridi huko Japani, akaniuliza kama tunaweza kupata hilo. Mwambie nimelitafakari ombi lake kwa moyo wangu wote. Ua lile ni Phlox subulata, asili yake ni mashariki ya Marekani, na limezoea kupitia miezi ya baridi kali kisha kulipuka kwa maua majira yakigeuka. Nairobi tuko karibu na mstari wa ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na baridi ya Julai inayotufanya tuvae masweta mawili ua hilo halitaiita baridi. Singeweka pesa zake hapo. Lakini zulia atalipata, kwa njia nyingine.

Kuna mimea ya Afrika Kusini yenye majani manene yaliyojaa maji, Lampranthus na Delosperma. Ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara, huenda muuzaji asiyajue majina hayo, basi mwonyeshe picha. Hutambaa kwenye jiwe, na likipigwa na jua la saa tano maua yanafunguka mengi kiasi kwamba jani huoni. Huo ndio mlima wa mkeo. Panda upande wa jua kali, upande ule wa tangi. Kata vipande vya urefu wa kidole, viache kivulini siku mbili jeraha likauke, kisha vichomeke. Ukivichomeka vibichi na kuvimwagia maji, vitaoza.

Pamoja nayo weka lile tunaloliita hapa nyumbani ua la saa nne. Unalikumbuka? Mlikuwa mkilisubiri lifunguke siku za likizo, wewe na dada yako, mnapima kama saa ya ukutani inasema kweli. Jina lake la vitabuni ni Portulaca grandiflora, nalo limetoka Amerika Kusini. Lina kila rangi, na kwa kuwa halina maisha marefu, lifanyie upya kwa vipandikizi kila msimu.

Lakini kuna jambo ambalo wauza miche hawatakwambia. Haya yote niliyotaja hufunguka kwa jua. Mwishoni mwa Juni hadi Agosti, mbingu ya Nairobi ikifunikwa na yale mawingu ya kijivu tangu asubuhi hadi jioni, yatafunga midomo wiki nzima, na mkeo atadhani yamekufa. Gazania, ua jingine linalopenda jua, nayo ni hivyohivyo, hukunja petali zake kama mwavuli. Kwa ajili ya miezi hiyo, changanya na Erigeron, lile la kama deizi ndogo lililoota lenyewe kwenye ngazi zetu. Hilo ni la Meksiko, na halijali wingu. Ua lake huchanua jeupe, kisha linavyozeeka linakuwa waridi, hivyo shina moja lina rangi mbili kwa wakati mmoja. Mimi nalipenda kuliko yote. Linajipanda lenyewe kwa mbegu, kwa hiyo ukiona limezidi, ling'oe bila huruma.

Huruma usiwe nayo pia kwa lile la majani ya umbo la moyo na vijiua vyekundu, linaloitwa Aptenia. Utapewa bure na kila jirani, na sababu ya kupewa bure ni kwamba limewashinda. Kila kifundo cha shina kikigusa udongo kinatoa mizizi. Liweke kwenye ule mteremko wa nje ya ukuta ambako hakuna kitu kingine, lishike udongo. Ndani ya mawe yako lisikanyage.

Ukishapanda, mwaga kokoto ndogo kuzunguka shingo ya kila mche, unene wa vidole viwili. Maji hayatarukia majani na tope, na shingo haitaoza. Usikubali kuuziwa vumbi la mawe badala ya kokoto, hilo hugandamana likawa kama sakafu. Mwagilia miezi miwili ya kwanza, asubuhi, kisha punguza.

Jirani yako aliniambia langoni kwamba mawe huleta nyoka. Usimdharau, hofu yake ni ya kweli. Mwambie nyoka hufuata panya na mashimo matupu. Rundo lililotupwa hovyo kama lilivyo sasa ndilo lenye mashimo. Mawe yaliyozikwa, yenye udongo ulioshindiliwa katikati na mimea juu yake, hayana nafasi ya nyoka kulala. Nyasi za kuzunguka ziwe fupi, na mabaki ya chakula yasimwagwe nyuma ya jikoni.

Kuna kitu nimetaka kukwambia kwa miaka mingi, na mawe haya yamenikumbusha. Ulipokuwa na miaka tisa ulirudi kutoka ziara ya shule na ua jeupe, kubwa, laini kama karatasi ya shashi, ndani ya kopo la Kimbo lenye tope jeusi. Ulikuwa umelichimba kwenye mbuga ya nyasi na mizizi yake yote. Lilikufa siku ya tatu. Ulirudi ukaleta jingine, nalo likafa. Mimi nikakugombeza, nikasema unalizamisha kwa maji, kwamba huna mkono wa maua. Ulilia, na tangu siku hiyo hukugusa mche tena hadi umenunua kiwanja.

Mwanangu, kosa halikuwa lako. Miaka mingi baadaye nilikutana na mtu anayejua mimea, nikamweleza ua lile lilivyokuwa. Akaniambia ni Cycnium tubulosum, na kwamba mizizi yake hushikamana na mizizi ya nyasi na kunyonya humo sehemu ya chakula chake. Ukilitoa kwenye nyasi zake, hata ukilipa udongo wa dhahabu, halina pa kunyonya. Hakuna mtoto wa miaka tisa ambaye angeliokoa, wala mama yake. Nilipaswa kukuambia siku ileile niliyoambiwa, nikaona haya. Nisamehe.

Sasa nimalizie na lile jiwe kubwa lililo pembeni ya lango, lile pana, lililokuwapo kabla fundi hajafika. Najua hilo nalo limo kwenye hesabu ya lori. Mlipokuwa mkipima mahali pa kuegesha gari, mimi niliinama pale. Juu yake kuna kibonde kidogo chenye udongo mwembamba, hata kidole hakizami, na ndani ya udongo huo nimeona vifundo vya majani yaliyokauka, ya kahawia, yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Ungedhani ni takataka za mwaka jana. Kama si macho yangu ya uzee, hiyo ni Craterostigma. Ni mmea wa kwetu, haukuletwa na meli. Hukauka kabisa kiangazi chote, na mvua ikiugusa hurudi kijani kwa siku moja au mbili, ukiwa umelala bapa juu ya jiwe, kisha hutoa maua madogo. Kitalu cha kuuza huo sikijui. Umekuja wenyewe ukapachagua hapo.

Kwa hiyo mpigie mwenye lori leo, umwambie asije. Gari litapita upande wa kushoto wa jiwe, nimepima kwa hatua zangu, nafasi ipo. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka asubuhi yake na mkeo mkaangalie kibonde kile, kisha mnipigie mniambie kama ni zambarau au ni nyeupe. Vipandikizi vyenu nitavikata siku mbili kabla ya kupanda, vikauke kwenye ungo chini ya mparachichi.

Mama yako