Tatizo ni magoti, si kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kompyuta imeziua filamu za Kichina za mashujaa wanaopaa. Nimefundisha sarakasi miaka 22, kwa hiyo filamu hizi nazitazama kwa jicho la kazi. Wengine wanatazama upanga, mimi natazama kiuno. Anayeruka kwa nguvu zake huanzia magotini. Anayevutwa na waya huanzia kiunoni, miguu ikining'inia kama ya paka aliyeshikwa ngozi ya shingo.

Hila zilikuwepo kabla ya kompyuta. King Hu, mwongozaji wa zamani wa filamu hizi, aliwarusha waigizaji wake kwa trampolini, yaani turubai la kurukia lenye springi, kisha akakata picha kabla hujaona wametua wapi. Katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, Chow Yun-fat na Zhang Ziyi walipandishwa kwa waya juu ya mianzi, na kompyuta ikaja baadaye kufuta waya. Ilifuta tu, mtu ikamwacha. Unamwona kabisa akitafuta mizani, mwili ukichelewa kidogo kuufuata mwanzi unapoyumba.

Kinachonikera ni filamu hizi ambazo mwigizaji anasimama mbele ya pazia la kijani, ambalo kompyuta hulibadilisha kuwa mandhari, feni inampepea joho, na kazi yote iliyobaki inafanywa na mwanasesere wa kompyuta. Steringi anashuka kutoka kilele cha mlima na kutua magoti yamenyooka! Mwanafunzi wangu akitua hivyo tunambeba kwa machela.

Lakini mwenzangu anakosea anapotaka kompyuta iondolewe kabisa. Sun Wukong, yule mfalme wa nyani wa hadithi za Kichina, ana mageuzi 72, na kichwangomba chake kimoja kinamfikisha li 108,000 (li ni kipimo cha Kichina cha umbali), yaani zaidi ya kilomita 50,000. (Mimi kwa ubora wangu nilifika mita tatu.) Hapo hakuna waya wala trampolini itakayotosha, kompyuta ifanye kazi yake. Ila nyani huyo akishatua chini na kushika fimbo, apewe mtu mwenye mifupa.

Namwomba mwenzangu arudie filamu moja anayoichukia na moja anayoipenda, sauti akiwa ameizima, maana kile kishindo cha kutua huongezwa baadaye na kinadanganya sana. Atazame magoti tu.

Mwalimu mstaafu wa sarakasi