Kapasita ya nanofaradi 25 haiuzwi, lakini unaweza kuipata

Mteja ana mchoro wa saketi mkononi, vipuri vyote ameshavikusanya, imebaki kapasita moja tu, kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme: nanofaradi 25. Mwingine anataka mikrofaradi 5, mwingine pikofaradi 140. Tukimwambia hatuna, anadhani tumeishiwa. Hapana. Kapasita hutengenezwa kwa hatua zilizopangwa: 10, 15, 22, 33, 47, 68, kisha 100, na safari inaanza upya. Baadhi ya aina huongeza 12, 18, 27, 39, 56 na 82 katikati. 25 haimo, na kuitafuta duka kwa duka ni kujichosha bure.

Kabla hatujakuuzia chochote tutakuuliza: kapasita hiyo inafanya kazi gani? Ikiwa inalainisha umeme unaotoka kwenye pawasaplai, au imekaa karibu na chipu kuzuia kelele za umeme, chukua thamani iliyo karibu, tena ukiweza iwe juu kidogo. Wanaofufua redio za zamani hutuletea sana mikrofaradi 0.05. Weka 0.047. Tofauti ni asilimia 6, na kapasita za karatasi za enzi hizo mara nyingi ziliruhusiwa kupotoka hata asilimia 20 zikiwa mpya. Hapo hakuna haja ya kuunganisha kitu.

Kazi inakuja kwenye saketi za kuhesabu muda, vichujio vya sauti, osileta (saketi zinazozalisha mawimbi ya umeme), na sehemu ya redio inayochagua stesheni. Humo kapasita ndiyo inayoamua muda au masafa, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde, na ikipotoka, kila kitu kinapotoka nayo.

Njia ya kwanza ni kuziweka sambamba, mguu kwa mguu. Thamani zinajumlishwa tu: nanofaradi 22 na 3.3 ni 25.3. Hesabu nzuri, ila ni hesabu ya karatasi. Kapasita iliyoandikwa 22 yenye uvumilivu (kiasi inachoruhusiwa kupotoka) wa asilimia 10 inaweza kuwa popote kati ya 19.8 na 24.2, kwa hiyo kuongeza 3.3 bila kupima ni kubahatisha. Sisi hupima ile kubwa kwanza. Tuseme mita imesoma 21.4. Pengo ni 3.6. Tunatafuta 3.3 na 0.27, zote tatu zikiwa sambamba zinatupa 24.97. Hata kama hizo ndogo mbili zingepotoka kwa asilimia 10, jumla ingesogea kwa asilimia 1.4 tu, kwa sababu zimebeba sehemu ndogo ya mzigo. Ndiyo maana inapendeza kuanza na kubwa iliyopungua kidogo na kumalizia kwa ndogo, badala ya kuunganisha mbili zinazolingana na kutumaini mema.

Ukipima mwenyewe, hakikisha kapasita haina chaji. Kwa pikofaradi, kumbuka kuwa nyaya za mita zenyewe huongeza kitu: soma zikiwa tupu, kisha utoe kiasi hicho.

Lakini usahihi huo wote utapotea ukichagua aina isiyofaa. Kapasita za seramiki zilizoandikwa X7R zinaweza kubadilika hadi asilimia 15 joto linapopanda au kushuka, na zikipewa volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) hupungua zaidi, wakati mwingine kwa kiasi kikubwa. Kuzirekebisha hadi nanofaradi ya mwisho ni sawa na kupima maji kwenye ndoo inayovuja. Tumia C0G, ambayo pia huandikwa NP0, au zile za filamu ya plastiki. Za elektroliti tusiziingize kabisa kwenye mambo ya muda unaohitaji usahihi.

Njia ya pili ni kuziunganisha kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Hapa jumla hupungua: mbili za 100 zinatoa 50. Inafaa pia kwa kupunguza kidogo sana. Una 10 na unataka kama 9.6? Iwekee 220 kwa mfululizo, utapata 9.57.

Mfululizo una hatari yake, na wengi wameunguza vitu kwa kutoijua. Volti hazigawanyiki nusu kwa nusu. Kapasita ndogo ndiyo inayobeba volti nyingi. Weka mikrofaradi 10 na 2.2 kwenye volti 100: ile ya 2.2 inabeba volti 82, ile ya 10 inabaki na 18. Kama zote mbili ni za volti 63, ile ndogo imeshazidiwa. Za elektroliti huvuja pia kwa viwango tofauti, hivyo kila moja inahitaji rezista ya kusawazisha pembeni yake. Zikiwa sambamba jambo ni jepesi: fuata volti za ile yenye kiwango cha chini kuliko zote.

Kapasita zinazounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, zile zenye alama X au Y, hatukuungii kwa vipande wala hatukushauri ujaribu. Zimetengenezwa zikiharibika zisikudhuru, na kapasita ya kawaida haina kinga hiyo. Nunua yenye alama na thamani husika.

Kwa zilizobaki, tutakupimia na kukuchagulia kundi linalofikia thamani yako, kisha tutaandika kwenye mfuko kila moja ilisoma ngapi na zinaungwaje. Unapotuandikia tupe mambo matatu: thamani unayotaka, volti za saketi, na kapasita hiyo imekaa wapi kwenye mchoro. Ukiwa na picha ya mchoro, itume. Na ukizilehemu kwenye saketi ya redio, kata miguu iwe mifupi, maana kwenye masafa ya juu hata mguu mrefu una athari yake.