Risala ya Wanafunzi wa Maabara ya Kinga ya Mifugo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wafugaji mliokubali ng'ombe wenu watolewe damu, na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha chuoni. Wageni wengi hukimbilia banda la mitamba, wala hatuwalaumu. Leo tunaomba uanzie maabara, kwenye kichupa kisichojaa hata kijiko cha chai.

Mheshimiwa, ndani yake mna kingamwili, yaani protini ya kinga, inayoshika protini moja tu, CD8, iliyo juu ya baadhi ya seli T za ng'ombe, ambazo ni chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Ukizitazama kwa darubini, seli T zote zinafanana. Kingamwili hii imefungwa rangi inayong'aa. Ikishika protini yake, mashine ya leza huitambua seli hiyo na kuihesabu. Ipo kingamwili nyingine ya CD4, protini ya kundi jingine la seli T, na nyingine ya WC1, protini ya kundi la seli T ambalo ndama anazo tele na binadamu hana. Ndiyo maana vifaa vya hospitali havitufai: kingamwili nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya seli za binadamu hazizishiki za ng'ombe.

Wafugaji waliopo hapa wanaijua ndigana kali kuliko sisi. Kimelea chake, kinacholetwa na kupe, hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaane ovyo, mitoki ikavimba. Mwaka 1994 watafiti wa ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyokuwa Nairobi, walieleza jinsi walivyochukua seli za ndama mwenye kinga na kumpa pacha wake asiye nayo. Pacha alikingwa, na kinga hiyo ilitoka kwenye seli zenye CD8. Bila kingamwili za kuzitenganisha seli hizo, jambo hilo lisingejulikana.

Kinachotuuma ni hiki. Kingamwili kama IL-A11 ya CD4 na IL-A51 ya CD8 zilizaliwa hapo hapo ILRAD, ambayo leo ni sehemu ya ILRI, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo. Sisi majirani tunaagiza vichupa Ulaya! Mzigo mmoja ulicheleweshwa njiani hadi barafu ikayeyuka yote. Tulipoupima, hakuna seli iliyong'aa. Na hata ukifika salama, umeme hukatika, jokofu likapata joto.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba jenereta ndogo ya maabara. Pili, na hili ndilo kubwa, tunaomba utuombee nafasi Nairobi kwa wanafunzi wawili wakajifunze kukuza seli chotara zinazotoa kingamwili hizi: seli za wengu wa panya aliyechanjwa, zilizounganishwa na seli za saratani ili zisife. Mbinu hiyo ipo tangu mwaka 1975. Mashine ya leza inaweza kusubiri, tumezoea kuazima.

Wafugaji wa damu ya leo, majibu yenu yako kwa mwalimu wa zamu.

Tunaomba kuwasilisha.