Kwa mdogo wangu aliyeko Xiamen, China, kabla mwezi haujapevuka

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, pamoja na swali lako: wenzako wa chuoni wamekualika kwenye meza ya dadu usiku wa Sikukuu ya Mwezi, nawe unachelea kwamba ni kamari. Hukumu ya dini umwulize mwenye elimu yake. Mimi nitakueleza mchezo wenyewe, kwa kuwa miaka yote niliyokaa Guangzhou sikuuona hata mara moja, na nilipofika Xiamen ndipo nilipotambua kwamba sikukuu hii, ingawa kila mahali huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, kila mji una namna yake ya kuisherehekea.

Wenyeji huuita bobing, na husimulia kwamba ulianzishwa katika karne ya 17 na askari wa Zheng Chenggong, jemadari wa enzi ya Ming, waliokuwa mbali na kwao. Dadu sita hutupwa katika bakuli la kauri. Zawadi ni 63, nazo zina majina ya vyeo vya mitihani ya kifalme ya kuteua maofisa: 32 za chini kabisa, kisha 16, 8, 4, 2, na moja tu ya juu, zhuangyuan, yaani aliyeshika nafasi ya kwanza. Namba nne, iliyotiwa rangi nyekundu, ndiyo inayongojewa. Ikitokea mara moja utapata zawadi ndogo, na ikitokea mara nne unaweza kuondoka na ile kubwa. Zamani zilikuwa keki, ila siku hizi ni sabuni, taulo na vitu vya nyumbani. Uliza mapema kama zimenunuliwa na mwenyeji au kwa michango ya wachezaji, maana yote mawili hufanyika, na tofauti hiyo ina uzito katika swali lako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni keki za mwezi. Za Guangzhou hujazwa mbegu za yungiyungi zilizopondwa na kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi; za Suzhou huwa na nyama ya nguruwe, na za Yunnan vilevile. Hata zile tamu huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, kwa hiyo tafuta zenye maandishi ya qingzhen, ambayo Waislamu wa huko huyatumia kwa chakula halali.

Ukiamua kwenda, chukua mabalungi mawili makubwa. Huko Fujian, mkoa ulimo mji wako, huiva majira hayo, na ndilo tunda la usiku huo. Wote mezani, nawe pia, mtalila bila kuuliza.

Kaka yako