Wanaosoma Cairo wasiishie kwenye piramidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na vijana wetu wanaosoma Misri, pamoja na wazazi wanaowasomesha, juu ya nyumba moja ya Cairo ambayo wengi wao huipita kila wiki bila kuingia. Ni Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyoko Bab al-Khalq, mwendo wa miguu usiofika nusu saa kutoka Msikiti wa Al-Azhar. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, na nilifika huko nilipokwenda kumtazama mwanangu anayesoma Al-Azhar. Siku ya pili ya safari yangu nilimwomba anipeleke. Akanijibu, kwa haya kidogo, "Baba, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa na sijaingia hata mara moja. Kila mgeni anayekuja tunampeleka kwenye piramidi."

Sikumlaumu. Piramidi huonekana katika kila kitabu cha shule, na kijana anayepiga picha mbele yake anajua kwamba nyumbani wataielewa picha hiyo bila maelezo. Jumba la Bab al-Khalq halina picha ya namna hiyo. Mgeni analifikia kwa kutoka Al-Azhar, kupita chini ya Bab Zuwayla, lango la mawe lililojengwa mwaka 1092, kisha kuifuata barabara yenye maduka ya mafundi wanaotengeneza na kuuza taa za bati na vioo vya rangi. Mwanangu aliponiambia kuwa Wamisri huziita *fanus*, nilisimama kidogo, kwa maana bibi yangu aliyenilea hakuwa na jina jingine la taa yake isipokuwa fanusi.

Jumba hili lilianzishwa kwa jina jingine, na jina hilo lina uzito katika ninalotaka kulisema. Mwaka 1881 Khedive Tawfiq, mtawala wa Misri wa wakati huo, aliunda kamati ya kuhifadhi majengo ya kale ya sanaa ya Kiarabu. Vitu vilivyookolewa katika misikiti na nyumba zilizokuwa zikiporomoka vikakusanywa katika Msikiti wa al-Hakim, ambao wenyewe wakati huo ulikuwa gofu. Vilipozidi nafasi, likajengwa jumba la Bab al-Khalq, nalo likafunguliwa Desemba 1903 likiitwa Dar al-Athar al-Arabiyya, yaani Nyumba ya Athari za Kiarabu. Jina la sasa lilikuja mwaka 1952, na sababu yake inaonekana kwa kila anayezunguka ndani: mazulia ya Uajemi na vigae vya Uturuki visingeweza kuitwa vya Kiarabu bila kuwadhulumu waliovitengeneza. Kwetu sisi kuna mazoea ya kuona kitu chenye herufi za Kiarabu na kusema "hicho ni cha Waarabu", tukaishia hapo. Waliokabidhiwa vitu hivyo wenyewe waliona jina la kwanza ni dogo kuliko mali iliyomo.

Sitazungumzia kila chumba, kwa kuwa vitu vinavyomilikiwa na makumbusho hayo hupita 100,000, na kwa macho yangu ya uzee hata sehemu ndogo inayoonyeshwa ilinishinda kwa siku moja. Nitasema juu ya vitu vichache vilivyonifanya nihisi kwamba sikuja kama mtazamaji wa mambo ya watu wengine.

Cha kwanza ni birika la shaba linalonasibishwa na Marwan bin Muhammad, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Damascus, aliyekimbilia Misri na kuuawa huko mwaka 750. Tumbo lake ni la mviringo kama boga, shingo imesimama nyembamba, na mdomo wa kumiminia maji ni jogoo aliyekunjua mbawa na kuachama kana kwamba anawika. Kwenye tumbo fundi amechora kwa ncha ya chuma safu ya matao. Nilipomsikia msimamizi wa chumba akilitaja kwa Kiarabu, *ibriq*, nikamwambia kwamba nasi tunasema birika. Alifurahi, akaniita "ya hagg", yaani ewe haji, na kuanza kunionyesha vingine kwa kidole ili anisikie nikivitaja: sahani, kalamu, karatasi, mizani, sanduku. Wamisri wawili waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Katika maisha yangu yote ya kufundisha sijapata somo la asili ya maneno ya Kiswahili lililokuwa jepesi na tamu kama lile, na halikuwa na kitabu hata kimoja.

Lakini maneno ni jambo tunalolijua. Lisilojulikana sana ni lile la pembe za ndovu, na hapo naomba wasomaji wanivumilie nikikaa kidogo. Katika vitu vya zama za Wafatimi, waliotawala Cairo kuanzia mwaka 969 hadi 1171, mna vipande vya pembe vilivyochongwa watu na wanyama kwa wembamba wa kushangaza, na katika kazi za zama zilizofuata za Mamluk, masultani waliotawala Misri baadaye, mna samani za mbao zilizopambwa kwa maelfu ya vipande vidogo vya pembe na vya mti mweusi, vikapangwa kuwa nyota ndani ya nyota. Misri ya zama hizo haikuwa na tembo. Pembe zilitoka wapi?

Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika Cairo mwaka 1047, aliandika kwamba katika soko la taa, kando ya Msikiti wa Amr katika mji wa Fustat, aliona pembe za ndovu zilizoletwa kutoka Zangibar, yaani nchi ya Zinji, ambayo ndiyo pwani yetu. Kabla yake al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu na kuondoka mara ya mwisho mwaka 916 kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanaona ni Pemba, alieleza jinsi pembe za nchi ya Zinji zilivyopelekwa Oman na kutoka hapo zikaenda India na China. Siwezi kukichukua kipande kimoja cha kabatini na kuapa kwamba tembo wake alikunywa maji ya mto Pangani. Hata hivyo ushahidi wa watu walioona kwa macho yao upo, na kijana wa Tanga, wa Lamu au wa Pemba anayesimama mbele ya makabati hayo akidhani kwamba bara lake halimo ndani yake, anasimama hapo kwa kukosa kuambiwa. Mkono uliochonga ulikuwa wa fundi wa Misri, ila mali aliyoichonga ilivushwa bahari kwa jahazi na upepo wa kusi.

Sisemi haya kwa kuisifu biashara hiyo. Kila pembe ilikuwa tembo aliyeuawa na mzigo uliobebwa mabegani mwa watu, na bahari ileile ilipitisha binadamu waliouzwa. Mwanafunzi anayejifunza uzuri wa kipande kilichochongwa anapaswa kujifunza na hilo pia, na yeye anayetoka huku ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuliza.

Zipo samani zetu zinazofaa kuwekwa kando ya hizo katika mawazo. Yeyote aliyekiona kiti cha enzi cha Lamu, chenye mbao nyeusi iliyotiwa vipande vya pembe, atakapofika mbele ya kazi za Mamluk atahisi kwamba anaona jamaa za kitu anachokijua. Ni nani aliyejifunza kwa nani ni swali la watafiti, na ningependa mtafiti huyo awe mmoja wa vijana wetu walioko Cairo, kwa kuwa anajua lugha zote mbili na anaweza kuvifikia vitu vya pande zote mbili.

Kuna pia maandishi. Kwetu Unguja, katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, mna maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, siku ambazo Wafatimi walikuwa bado wanatawala Cairo. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi huko, na ninakiri kwamba niliwaeleza tarehe tu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuweza kuifuata ile khati iliyochanua majani. Pale Bab al-Khalq mtu anaiona khati hiyo ikikua hatua kwa hatua, kuanzia herufi kavu za miaka ya mwanzo hadi zile zilizojaa maua, na kwa saa mbili za kutulia jicho linaanza kuzoea.

Jiwe lililonishika zaidi ni la kaburi, nalo halina pambo lolote. Ni la mtu aliyeitwa Abd al-Rahman bin Khayr al-Hajri, na limeandikwa Jumada al-Akhira mwaka 31 Hijria, sawa na 652, miaka kumi na moja tu baada ya ngome ya Babiloni ya Misri kutekwa na majeshi ya Waislamu. Herufi zake hazina nukta na mistari inapanda na kushuka kama ya mtoto anayejifunza kuandika. Baada ya Bismillahi na jina la marehemu, aliyeandika anamwombea msamaha kwa Mwenyezi Mungu, kisha anamgeukia msomaji na kumtaka naye amwombee na aseme Amin. Mwanangu alilisoma polepole, neno moja moja, akiweka nukta kwa akili yake. Alipofika mwisho tukatazamana, kisha tukasema Amin kwa pamoja.

Vitu hivi vilikaribia kupotea siku za karibuni tu. Asubuhi ya tarehe 24 Januari 2014 gari lililojaa mabomu lililipuliwa mbele ya makao ya polisi yaliyo ng'ambo ya barabara, watu wakafa, na mshindo ukapasua jumba la makumbusho. Dari zilianguka na mabomba ya maji yakapasuka. Taa za kioo za misikiti ya Mamluk, zilizoandikwa kwa rangi aya ya Nuru na kudumu zaidi ya miaka 600, baadhi yake zilivunjika vipande. Kwa taarifa za serikali ya Misri vitu 179 viliharibika, na 160 kati ya hivyo vilikuwa vimekarabatiwa jumba lilipofunguliwa tena Januari 2017. Nilisogeza uso karibu na kabati la taa hizo na kuanza kutafuta mishono. Nadhani niliiona katika taa moja, uzi mwembamba kama unywele ukipita katikati ya herufi. Mafundi waliofanya kazi hiyo ni watu wa kuheshimiwa, na ufundi wao tunauhitaji sana huku, sisi ambao tarehe 25 Desemba 2020 tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Unguja, ikiporomoka na kuua watu. Katika vijana tunaowapeleka Misri wapo wanaosomea sheria, udaktari na lugha. Sijamsikia hata mmoja aliyekwenda kujifunza kukarabati mbao, kioo au karatasi za kale, na ningefurahi sana kusahihishwa na msomaji anayemjua.

Ombi langu kwa jumuiya za wanafunzi wetu walioko Cairo ni dogo. Mnapowapokea wapya kila mwaka, mkiwaonyesha ofisi za vibali, vituo vya mabasi na maduka ya unga wa ugali, tengeni pia asubuhi moja ya Bab al-Khalq katika mwezi wao wa kwanza, tena wapelekwe na mwenzao aliyekwisha kuingia, anayeweza kuwaambia habari za pembe na za Kizimkazi. Wazazi nao wanaokwenda kuwatembelea watoto wawaombe wawapeleke huko, kama nilivyofanya mimi, maana mtoto hujifunza mengi anapolazimika kumweleza baba au mama yake. Nawe Ndugu Mhariri, ukipata mwanafunzi atakayeandika juu ya kitu kimojakimoja cha jumba hilo kwa Kiswahili fasaha, mpe ukurasa. Mimi nitakuwa msomaji wake wa kwanza.

Mwanangu amekwisha kuanza. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia kwamba amewapeleka wanafunzi wapya saba, wawili wao kutoka Pemba, na kwamba walikaa mbele ya jiwe la Abd al-Rahman muda mrefu mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Walikuwa wanabishana juu ya neno moja lisilo na nukta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga