Boti ya mto, anza kuangalia miguu inakaa wapi

Mwangaluka ngosha,

Picha zako nimezipata jana jioni natoka Mwaloni, nimezikuza moja moja kwenye simu mpaka chaji ikakata. Nimefurahi sana kusikia na wewe umeanza kuvua na wale nzi wa manyoya, zile ndoano zinazofungwa manyoya zifanane na wadudu, maana tangu nirudi Mwanza hakuna kitu nimekimisi kama mito ya hapo Missoula, Montana, asubuhi ukungu haujaondoka na samaki wanapanda juu kula. Sa umeniuliza kati ya hizo boti mbili za upepo, zile za maboya mawili na fremu yenye kiti katikati, uchukue ipi, ngoja nikwambie ninachojua alafu ndo ulipe, usiharakishe.

Ile ya bei chee yenye mifuko mingi usichukue. Nimeiangalia vizuri, haina pa kukanyagia, miguu inaning'inia tu kwenye maji. Ya kwangu ya kwanza ilikua hivohivo, niliinunua duka moja huko huko na muuzaji akanihakikishia inafaa mtoni. Kwenye bwawa ilikua safi kabisa, mwezi wa 6 nikaipeleka mto Bitterroot, maji ya theluji bado yamejaa, na we mwenyewe unaujua ule mto miti iliyoanguka ilivyo mingi. Nikafika kwenye kona moja, mbele kuna mti umelala, mizizi iko ukingoni matawi yote majini, maji yanapita katikati ya matawi ila mtu hapiti, ukishabanwa pale mkondo unakushikilia chini. Na huko sio kama tunavyopiga kafi ziwani kwenda mbele, unakaa unatazama kule maji yanakoenda, unaikalisha boti upande kidogo, mgongo wako uelekee sehemu salama, alafu unavuta makasia kurudi nyuma, mkondo wenyewe unakusogeza pembeni. Nikavuta. Nikateleza mbele kwenye kiti, kasia limeingia nusu tu. Nikavuta tena nikateleza tena, kwasababu nguvu ya kuvuta inatoka miguuni na miguu yangu haikua na kitu cha kusukuma, na lile kasia la kushoto la vipande viwili likaanza kupinda pale kwenye kiungo, naliona kwa macho linavopinda. Ikabidi nishuke upande wa kokoto, kamba mkononi, maji ya kifuani, baridi mpaka pumzi ikakata. Jaketi la kuokolea nilikua nimelivaa, Mungu mkubwa, na we livae muda wote sio uliweke nyuma ya kiti.

Ndo maana nakwambia ile ya kijivu. Ina vyuma viwili vya kukanyagia na vinasogezwa kulingana na urefu wa mguu. Ukiwa dukani waombe waiweke chini ukae, kanyaga, magoti yawe yamekunjika kidogo, vuta kama unavuta kweli. Alafu makasia yake pima, kwa boti ya futi 9 yale ya futi 5 ni ya kuchezea, tafuta ya futi 7 hivi.

Maboya yenyewe, yale yaliyopinda kwenda juu mbele na nyuma kama ndizi yanageuka haraka sana mtoni, ila ukiingia ziwani upepo unakuchezea, yaliyonyooka yanaenda mstari vizuri lakini kugeuka shida. We unataka mto, chukua ndizi. Na uliza kama ndani kuna mpira mwingine au ni ngozi moja. Ya mpira wa ndani ni kama tairi ya baiskeli, ikitoboka unabadilisha mpira yanaisha, kasoro yake mchanga ukiingia katikati unasaga taratibu mpaka pancha. Ngozi moja ni nzito zaidi na bei imechangamka ila inavumilia mawe, na kule mto Blackfoot mawe ni mengi.

Uzito ulioandikwa usiuchukulie poa. Unajihesabu wewe na nguo zilizolowa, nanga, chakula, maji ya kunywa, vyote, na bado ubakize nafasi. Sisi tuliokulia Mwanza hatuhitaji kuelezwa, Mei 1996 nilikua mdogo lakini nakumbuka mtaa mzima ulivolia ile MV Bukoba ilipozama na watu waliozidi uwezo wake.

Upepo sasa. Asubuhi utajaza maboya yakaze, ukiyaweka kwenye maji ya baridi yanalegea, ongeza kidogo. Lakini ukisimama kula ukaiacha kwenye jua ule upepo unatanuka, boya linakaza kama ngoma na mshono unaweza kuachia, kwahiyo ipeleke kivulini au punguza upepo kabla hujafungua chakula. Nanga ishuke kwa nyuma katikati, kamwe sio pembeni, na kwenye mkondo mkali usishushe kabisa. Kisu cha kukatia kamba kiwe mahali mkono unafika bila kutafuta.

Ukiona kituo cha kukagua boti barabarani simama hata kama yako ni ya upepo, ni sheria huko Montana, wanatafuta kome wageni na mimea. Usione wanakusumbua. We si unakumbuka magugu maji yalivyokua yanajaa Kigongo mpaka kivuko kinashindwa kupita, kabla ya daraja? Basi osha, mwaga maji yote, ikauke kabla hujaenda mto mwingine.

Kuna fundi wa mitumbwi huku Igombe nilimuonyesha hizo picha akaniuliza kama inafaa mto Mara. Nikamwambia hapana kaka, kukaa umeshusha miguu karibu na maji yenye mamba na viboko sio uvuvi huo. Ila yeye ndo kaona kitu ambacho mi nilipitiliza, kwenye fremu ya kijivu kuna sehemu imechomelewa karibu na kishwara cha kulia, pale kasia linaposhikiliwa, na inaonekana kama ina ufa. Inaweza ikawa ni mkwaruzo wa rangi tu, sina uhakika. Ijumaa ukifika dukani pitisha ukucha hapo, ukikwama waambie wabadilishe fremu. Nipigie video kabla hujalipa, ukipiga saa 3 asubuhi ya huko huku ni saa 12 jioni, ntakua nshatoka kazini.

Mama anakusalimia sana, anauliza huko sato mnawapata?

Ndugu yako,
Masanja